Mtaa wa Saa

Ukijaliwa kufika London, zuru Greenwich, mtaa wa kale kando ya mto Thames. Hapo utaiona Cutty Sark, merikebu ya matanga iliyoundwa mwaka 1869 kuchukua chai kutoka China. Karibu nayo ipo njia ya chini ya mto, iliyofunguliwa mwaka 1902, nao watu huvuka kwa miguu.

Kisha panda kilimani, penye nyumba ya kutazamia nyota iliyoanzishwa na Mfalme Charles II mwaka 1675. Mwaka 1833 liliwekwa juu ya paa lake tufe kubwa, ambalo hushuka saa saba kamili mchana. Manahodha waliokuwa mtoni walilitazama wapate kusahihisha saa zao, kwani baharini saa yenye kosa iliweza kuwapeleka mwambani.

Basi nasi tusiseme kwamba dakika kumi si kitu.