Sare Tunaziweza, Bima ya Mama Je?

Leo tusemane kidogo. Sisi mafundi tunawashonea sare za harusi na tunaona: ukoo mzima unachanga kwa wiki mbili, hakuna anayenung'unika. Mama mstaafu akitakiwa kulipiwa bima ya afya, kila mtu ana udhuru. Wengine watasema ina shaka kidini. Haya, takaful zipo, kaulizieni. Mbona magari yenu mmeyakatia?

Na tukikubali, tunachukua kadi ya bei ndogo kuliko zote. Hapo ndipo tunapojidanganya. Kadi inayomfaa kijana wa miaka 25 si ya mtu wa 65. Mama ana presha na sukari, dawa anameza kila siku, si siku ya kulazwa tu. Ulizeni kabla ya kutia saini: mwisho wanapokea umri gani? Maradhi aliyokuja nayo yanaingia, au asubiri miezi? Dawa zina kikomo? Akipewa rufaa ya Muhimbili, kadi inavuka bahari au inaishia bandarini?

Msituambie ana pensheni jamii. Ile inaanza miaka 70, na ilipoanza 2016 ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi.

Bibi harusi mtarajiwa, kabla mkaja haujaletwa, kaa na mama umuulize kama atapenda sehemu yake ilipie kadi. Doti za kanga anazo kabati zima, nyingine hata hazijapindwa.