Radhi Isiyo na Mtenda

Kila mwanafunzi wa shule ya upili anajua, au yampasa ajue, kwamba "kikombe kilivunjwa" na "kikombe kilivunjika" si usemi mmoja. Katika kauli ya kutendwa twaweza kumtaja mtenda: kikombe kilivunjwa na Juma. Katika kauli ya kutendeka hana nafasi. "Kikombe kilivunjika na Juma" ni kosa ambalo mwalimu yeyote atalipigia mstari mwekundu. Kikombe kimevunjika, basi, kana kwamba kilichoka kukaa mezani.

Sarufi hii ndogo yanijia akilini kila ninaposoma radhi za hadharani za mashujaa wa televisheni waliotuhumiwa kuwadhulumu kimapenzi wanawake wanaofanya nao kazi. "Iwapo kuna aliyekwazika, naomba radhi." Makosa "yalitokea". Heshima "ilivunjika". Aliyevunja yuko wapi?

Chukua mfano wa Gregg Wallace, aliyekuwa mtangazaji wa kipindi cha mapishi cha MasterChef katika shirika la BBC. Malalamiko yalipofichuka mwishoni mwa 2024, alitoka hadharani akasema yanatoka kwa wanawake wachache wa tabaka la kati wenye umri fulani. Kesho yake aliomba radhi. Lakini sikiliza aliomba radhi kwa lipi: kwa maneno ya jana yake, si kwa vitendo vya miaka. Uchunguzi uliotangazwa Julai 2025 ulikuta kwamba kati ya tuhuma 83, tuhuma 45 zilithibitika. Mwezi huohuo alisema anajutia sana dhiki yoyote iliyosababishwa. Yoyote, iliyosababishwa! Dhiki imo, kitenzi kimo, msababishi ametoweka.

Kiswahili, kwa bahati njema, kina akiba ya kutosha ya maneno ya kutenganisha mambo haya. Pole humpa hata jirani aliyenyeshewa na mvua, ingawa wewe hukuileta mvua. Samahani hutumika kwa aliyemkanyaga mwenzake ndani ya matatu. Kuomba radhi ni jambo zito zaidi, na zito kuliko hilo ni kukiri, kwa maana anayekiri hana budi kutaja alilolitenda na aliyemtendea. Wakubwa wengi wanaotuhumiwa hutoa pole na kutaka ipokelewe kama ungamo. Nasi waandishi na walimu, tunapoandika kwamba fulani "ameomba msamaha" bila kupima alichokisema, twamsaidia kutoroka.

Ila hata ungamo lenye sarufi safi halitoshi iwapo mwajiri ananyamaza. Hapo kisa cha Japani chafundisha mengi. Masahiro Nakai, mwimbaji wa zamani wa kundi la SMAP na nyota mkubwa wa televisheni, alitangaza Januari 2025 kwamba palikuwa na "tatizo" baina yake na mwanamke fulani, na kwamba kwa kuwa limesuluhishwa aliweza kuendelea na kazi. Mwanamke huyo alikuwa mtangazaji wa Fuji Television, na wakuu wa kituo walikuwa wamejua tangu 2023 huku wakiendelea kumpa nyota huyo kipindi. Kituo kilipoita waandishi na kuzuia kamera, makampuni kwa makumi yaliondoa matangazo yao ya biashara. Tarehe 27 Januari wakuu wa kituo walikaa mbele ya waandishi kwa zaidi ya saa 10. Mwenyekiti na rais wa kituo wakajiuzulu. Mwezi Machi kamati huru iliamua kwamba huo ulikuwa ukatili wa kingono uliotokana na kazi. Mawakili wa Nakai waliupinga uamuzi huo, na ni haki yao. Lakini swali lilikwisha kuhama kutoka "je, anajuta?" hadi "nani alijua, na alifanya nini?"

Kwetu Kenya swali hilo la pili huulizwa kwa nadra. Machi 2021, watangazaji wa Homeboyz Radio walifutwa kazi baada ya kumlaumu hewani mwanamke aliyesimulia kwamba alisukumwa kutoka orofa ya 12 ya jumba moja la Nairobi. Radhi zilitolewa, lakini ziliandamana na uamuzi wa kampuni ya bia ya EABL kusimamisha ufadhili wake, na Mamlaka ya Mawasiliano ikatoza faini ya shilingi milioni moja. Hayo yalikuwa maneno ya hewani, si dhuluma baina ya wafanyakazi, lakini yalionyesha kinachoweza kuharakisha ulimi wa radhi.

Msomaji wa Lugulu au Kitale ataniuliza, Tokyo yatuhusu nini? Yatuhusu kwa sababu huku vijijini mwalimu ndiye nyota. Yeye ndiye anayetazamwa na wengi, na ambaye msichana maskini huogopa kumshtaki. Sheria ya Makosa ya Kimapenzi ya 2006 yampa mwalimu anayetumia cheo chake kumshawishi mwanafunzi ashiriki naye ngono kifungo kisichopungua miaka 10. Waraka nambari 3 wa TSC wa 2010 wamtaka anayejua dhuluma hizo aripoti. Hata hivyo, bado kuna wanaopendelea kikao cha sebuleni, ambapo wazee wa pande mbili huketi na neno la kumalizia huwa "tusameheane".

Tafadhali litazame neno hilo. Ni kauli ya kutendana: mimi nikusamehe, nawe unisamehe. Mtoto wa miaka 15 alimkosea nini mwalimu hata aombwe kusameheana naye?

Tena shule si walimu na wanafunzi peke yao. Ina mpishi, karani, mfanyakazi wa maabara. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 6, yamtaka kila mwajiri wa watu 20 au zaidi atoe taarifa ya sera kuhusu dhuluma za kimapenzi kazini, baada ya kushauriana na wafanyakazi, na awafahamishe jinsi ya kulalamika. Ningependa kujua ni bodi ngapi za shule zetu kubwa za bweni zimeitoa, na kama mpishi amewahi kuisoma, kwa lugha anayoielewa.

Wanafunzi, nao, nawapa zoezi. Kateni gazetini radhi moja ya mtu mashuhuri, kisha iandikeni upya kwa kauli ya kutenda. Mtenda awe mwanzoni, kitendo kitajwe kwa jina lake, na aliyetendewa asiitwe "yeyote".