SILAHA ZA GIZANI

Ndugu Wafanyakazi wa Kitui na Makueni,

Mei 1965 Serikali ya Kenya ilikamata huko Kisii lori 11 zilizokuwa zikipeleka Uganda kwa siri silaha za Kichina. Mzee Kenyatta alikasirika, na Obote akalazimika kuja kujieleza.

Na sasa je? Vita vya Sudan vilianza tarehe 15 Aprili 2023. Mwaka 2024 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba madai ya Falme za Kiarabu kuwapa silaha waasi wa RSF kwa njia ya Chad ni ya kuaminika. Falme hizo zinakana. Jeshi la Sudan nalo lina wafadhili wake wa nje, hatulitetei. Lakini Februari 2025 ni RSF waliofunguliwa milango ya KICC, Nairobi, wapange serikali yao! Wakenya wengi walipiga kelele. Sisi je?

Msiseme Sudan ni mbali. Machi 2025 Sudan ilipiga marufuku bidhaa za Kenya, chai ikiwemo. Aliyeumia ni mchuma chai, si aliyewakaribisha wageni wale. Na dereva apitaye Emali na Mtito Andei usiku hupewa karatasi tu, kontena hafunguliwi. Atajuaje abebacho?

Basi kila tawi, toka Mwingi hadi Wote, limwulize Mbunge wake kwa barua: Nani aliwaalika? Kwa faida ya nani? Jibu lisomwe mbele ya wanachama wote.

Anyamazaye huhesabiwa amekubali.

UMOJA NI NGUVU.