Kabla ya Kupiga Windows, Fundi Afungue Folda ya Mipangilio

Programu imefunguliwa, na kabla ya kazi yoyote inataka kujua itumie lugha gani, masharti yake yanakubaliwa au la, na kama yenyewe ndiyo iwe programu kuu ya barua pepe. Mtumiaji anajibu yote, anafanya kazi yake, anafunga. Kesho yake maswali ni yaleyale, kwa mpangilio uleule. Kesho kutwa pia. Mwisho uvumilivu unaisha, kompyuta inabebwa kwa fundi, na kuanzia Kariakoo jijini Dar es Salaam hadi Luthuli Avenue jijini Nairobi tiba ambayo mteja huisikia mapema ni moja: tupige Windows upya.

Tiba hiyo imezoeleka mno, na kwa tatizo hili haipaswi kuwa ya kwanza. Inaondoa programu zote, inamlazimu mteja kuhangaika tena na leseni na nywila, na mara nyingine inaondoka na kazi yake. Anayepokea barua pepe kwa njia ya POP yuko hatarini zaidi. Barua zikishashushwa na kufutwa kwenye seva, nakala pekee iliyobaki inaweza kuwa ndani ya folda ya programu ya barua pepe kama Thunderbird, kwenye diski ileile inayokaribia kufutwa. Swali la kuudhi linakwisha, na barua za miaka kadhaa zinakwenda nalo.

Chanzo chenyewe kwa kawaida ni kidogo. Kila programu ina daftari lake la kumbukumbu. Kwenye Windows daftari hilo huwa ni faili ndani ya folda iitwayo AppData, au ni maandishi ndani ya rejista ya mfumo, katika sehemu ya mtumiaji husika. Kwenye macOS huwa ndani ya Library, na kwenye Linux programu nyingi hutumia folda iliyofichwa iitwayo .config. Programu ikiwaka hulitafuta daftari. Ikilikuta, inaendelea na kazi. Isipolikuta, au ikilikuta haliwezi kusomeka, inaamini kwamba leo ndiyo siku yake ya kwanza kwenye kompyuta hiyo, kwa hiyo inauliza. Kwa hiyo swali linalorudi kila siku lina maana moja kati ya chache: jibu halikuandikwa, liliandikwa likafutwa, au liliandikwa mahali ambapo programu haiji kulisoma.

Hapo ndipo inapoonekana kwa nini hata dawa nyepesi, ile ya kuondoa programu na kuisakinisha tena, hushindwa mara nyingi. Visakinishi vingi vikiondoa programu huliacha daftari la mtumiaji palepale. Ni uamuzi wa busara, maana anayeiondoa leo huenda akairudisha mwezi ujao na kutaka mipangilio yake. Lakini kama faili limeharibika, au lina ruhusa zisizo sahihi, programu mpya itarithi ugonjwa wa ile ya zamani.

Mfano unaofundisha kuliko yote ni wa Word. Ofisi nyingi ziliwahi kuweka matoleo mawili ya Microsoft Office kwenye kompyuta moja, tuseme la 2003 na la 2010, kwa sababu kuna nyaraka za zamani au mfanyakazi mmoja aliyezoea menyu za awali. Matokeo yake kila Word ilipofunguliwa kilijitokeza kisanduku kinachoomba mtu asubiri wakati Office ikisanidiwa, na mstari wa maendeleo ukitambaa polepole. Ofisi zilipiga Windows upya, zikarudisha matoleo yote mawili, na kisanduku kikarudi. Kilichokuwa kikitokea ni kwamba kila toleo la Word, likiwaka, lilijiandikisha upya kwenye rejista kuwa ndilo mmiliki wa nyaraka za Word. La pili likifunguliwa linakuta jina la mwenzake, linaita kisakinishi lirudishiwe nafasi. Tiba yake ni kuongeza kwenye rejista thamani moja iitwayo NoReReg na kuipa namba 1, katika sehemu ya mtumiaji, chini ya Office 14.0 kwa toleo la 2010 au 12.0 kwa toleo la 2007. Ni amri ya mstari mmoja. Anayechukua nakala ya rejista kabla ya kuigusa hana cha kuogopa.

Kisakinishi hicho, Windows Installer, kilikuja na Office 2000 na kina tabia ambayo fundi anapaswa kuijua. Baadhi ya ikoni kwenye skrini haziendi moja kwa moja kwenye programu. Zinapita kwanza kwa kisakinishi, ambacho hukagua kama vipande muhimu vipo. Kimoja kikikosekana, pengine kwa sababu programu ya kusafisha diski ilikifagia, ukarabati unaanza hapohapo. Na kama kisakinishi kinahitaji CD ya awali, kitaiomba kila siku, hata kama CD hiyo ilipotea zamani. Aliyebofya anadhani programu imeharibika, kumbe anazungumza na mlinzi wa mlangoni.

Programu huweza pia kufungua daftari lisilo lake. Mei 2019 Firefox 67 ilianza kuipa kila nakala iliyosakinishwa wasifu wake peke yake, yaani folda yake ya mipangilio na data, na Thunderbird 68 ikafuata Agosti mwaka huohuo. Nia ilikuwa njema, kuzuia matoleo mawili yasiharibiane kumbukumbu. Lakini wapo waliosasisha Thunderbird wakakutana na ukurasa wa kufungua akaunti mpya, barua hazionekani. Hazikuwa zimepotea. Wasifu wa zamani ulikuwa bado kwenye diski, na Thunderbird ina meneja wa wasifu anayemruhusu mtu kuuchagua tena. Fundi aliyejua hilo alimaliza kazi kwa dakika chache. Aliyefuta diski aliua kile alicholetewa akiokoe.

Sababu nyingine hazihitaji maelezo marefu. Kuna anayefungua programu ikiwa bado ndani ya faili la ZIP: Windows huitoa kwenye folda ya muda, na kama programu huweka daftari pembeni yake, jibu linabaki kwenye folda ambayo kesho haitatumika. Kuna kompyuta za maabara za shule na vibanda vya intaneti zenye Deep Freeze, ambayo kazi yake hasa ni kuirudisha mashine katika hali ya awali kila inapowashwa upya. Hapo swali litarudi mpaka msimamizi aizime kwanza, ajibu, kisha airudishe. Kuna kinga ya folda iliyoingia kwenye Windows 10 mwishoni mwa 2017, ambayo ikiwashwa huzuia programu isiyoifahamu kuandika ndani ya folda ya Documents. Kuna akaunti ambayo Windows imeshindwa kuisoma ikampa mtu wasifu wa muda, na kila anachokiandika humo hufutika akitoka. Na kuna diski iliyojaa.

Ushauri mmoja unaotolewa ovyo unastahili kupingwa waziwazi: kufungua kila kitu kwa mamlaka ya msimamizi. Tangu Windows Vista, programu ya zamani inayotaka kuandika ndani ya Program Files bila ruhusa huelekezwa kimyakimya kwenye folda nyingine iitwayo VirtualStore, iliyo chini ya mtumiaji. Ikifunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi, haielekezwi tena; inaandika ndani ya Program Files yenyewe. Basi leo inasoma hapa, kesho pale, na majibu ya upande mmoja hayaonekani upande wa pili. Kwenye Linux ni vilevile: aliyefungua programu mara moja kwa sudo anaweza kuacha faili la mipangilio likimilikiwa na root, yaani msimamizi mkuu, na kuanzia hapo mtumiaji wa kawaida hawezi kuandika humo chochote.

Vipimo vipo, tena vya bure. Fundi ajibu maswali, afunge programu kabisa, kisha aangalie tarehe ya mwisho ya faili la mipangilio kubadilishwa. Isipobadilika, hakuna kilichoandikwa, na uchunguzi uende kwenye ruhusa, nafasi ya diski na kinga za folda. Ikibadilika na swali likarudi, basi kuna kinachofuta, au programu inasoma kwingine. Afungue akaunti mpya ya mtumiaji na kuijaribu programu humo: ikikumbuka, mfumo ni mzima na tatizo liko ndani ya folda ya mtumiaji wa kwanza. Folda hiyo ya mipangilio isifutwe. Ibadilishwe jina, programu itengeneze mpya, na ya zamani ibaki mpaka mteja aridhike. Kwa kesi ngumu kuna Process Monitor kutoka Sysinternals ya Microsoft, inayoonyesha kila faili na kila sehemu ya rejista ambayo programu imejaribu kuigusa, pamoja na jibu la mfumo. Palipokataliwa panaonekana wazi.

Mafundi wana utetezi, na una uzito. Foleni ni ndefu, mteja anataka mashine yake jioni, na kupiga Windows ni kazi yenye muda unaojulikana ilhali uchunguzi hauna. Hata hivyo kuangalia tarehe ya faili hakuchukui muda hata wa kunywa chai, na hakuhatarishi chochote. Mteja naye ana haki ya kuuliza, kabla mashine haijafunguliwa, data zake zitawekwa wapi na fundi ameshajaribu nini.

Lakini lawama kubwa ni ya waandishi wa programu. Nyingi zikishindwa kuhifadhi mipangilio hunyamaza, zikajifunga kana kwamba mambo ni shwari. Ukimya huo ndio unaomfikisha mteja kwa fundi na kufanya diski nzima ifutwe kwa ajili ya faili moja. Vijana wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala wanaotengeneza leo mifumo ya mauzo ya maduka na ya ada za shule wasilirithi kosa hili. Programu zao zikishindwa kuhifadhi, ziseme, na zinaweza kusema kwa Kiswahili. Mwaka 2004 mradi uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya ofisi iliyozungumza na mtumiaji kwa Kiswahili. Anayeandika mfumo wa duka la dawa Mwanza ana mistari michache tu ya kuongeza: akague kama kuandika kumefaulu, na kama hakukufaulu amwambie mtumiaji ni faili gani, liko folda gani, na kwa nini limekataliwa. Sababu hiyo Windows, macOS na Linux zote huirudisha kwa programu palepale inaposhindwa.