Tusihesabu ushindi tu, tuhesabu na gharama ya vita

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nitoe maoni yangu juu ya vita: kwa nini mataifa huingia vitani, na vita huwaachia nini wananchi. Nimesukumwa kuandika kwa sababu kila ifikapo tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, nasikia vijana wakivizungumza vita vya Kagera kama mchezo wa mpira. Tuliwapiga, tukawafukuza, tukaingia Kampala. Hayo ni kweli, lakini si yote.

Mimi ni mwenyeji wa mkoa wa Kagera, ambao wakati huo uliitwa Ziwa Magharibi. Majeshi ya nduli Idi Amin yalivuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978, yakakalia eneo la kilometa za mraba zipatazo 1,800 kaskazini ya mto Kagera. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba eneo hilo ni mali ya Uganda.

Alidai anapigania ardhi. Lakini mstari wa mpaka ule ulitokana na mapatano ya Wajerumani na Waingereza ya mwaka 1890, na nchi huru za Afrika zilikubaliana Cairo mwaka 1964 kwamba mipaka tuliyorithi iheshimiwe. Ukweli ni kwamba matatizo ya Amin yalikuwa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alitwaa madaraka kwa bunduki Januari 1971. Mwaka 1972 akawafukuza Waasia, biashara ikavurugika. Kufika 1978 askari wake wenyewe walikuwa wanaasi. Mtawala aliyeshindwa kutawala nyumbani hutafuta adui wa nje ili watu wasahau njaa. Ndugu wasomaji, vita vingi duniani huanza hivyo. Sababu inayotangazwa redioni ni moja, na sababu yenyewe ni nyingine.

Kwa haki yapasa niseme pia kwamba uhasama haukuanza siku ile. Serikali yetu haikumtambua Amin. Septemba 1972 wapinzani wake waliingia Uganda wakitokea kwetu, wakashindwa, na ndege zake zikapiga Bukoba na Mwanza, hadi yakafanyika mapatano ya Mogadishu. Moto uliofunikwa majivu mwaka ule ndio uliowaka miaka sita baadaye.

Mwanzoni mwa Novemba 1978 Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa, akasema uwezo wa kumpiga Amin tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Mimi sina ubishi na hata moja katika hayo matatu. Wananchi waliuawa, wanawake walinajisiwa, maelfu ya ng'ombe walichukuliwa, daraja la Kyaka likavunjwa. Mtu akikuvamia nyumbani na panga, hukai kitako kujadiliana naye. Lakini liko jambo la nne, ambalo taifa huulizwa baadaye: gharama ni kiasi gani, na nani atailipa?

Kwanza, ililipwa kwa watu. Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi ndizo huumia. Safari hii nyasi zenyewe ziliitwa zikapigane. Maelfu ya mgambo, wakulima na wafanyakazi, waliacha jembe na kazi wakashika bunduki. Jirani yetu mama mmoja alimtoa mwanawe wa pekee. Vita vilipokwisha mwaka 1979, alikuwa akisikia ngurumo ya lori la jeshi huacha jembe shambani, akasimama kando ya barabara mpaka la mwisho lipite. Mwanawe hakurudi. Nenda Kaboya, wilayani Muleba, uone makaburi ya mashujaa wetu. Kila kaburi lina mama wa namna hiyo.

Pili, ililipwa kwa mali. Mwalimu alituomba tufunge mikanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ikaisha, mikanda ikabaki imefungwa miaka mingi. Si vita peke yake vilivyotufikisha hapo: Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, na bei ya mafuta ilipanda tena mwaka 1979. Lakini fedha za kigeni zilizonunua risasi hazikuweza kununua dawa na vipuri. Tulipanga foleni ya sabuni na sukari, wengine tukaweka mawe yatushikie nafasi.

Tatu, silaha. Vita huisha, bunduki haziishi. Baada ya ushindi nyingine zilibaki mikononi mwa watu wasiostahili, nasi wa mipakani tukajifunza kuwaogopa majambazi kama tulivyowaogopa askari wa Amin.

Nne, ni jirani zetu. Kampala ilitekwa Aprili 1979, lakini kumwangusha dhalimu na kujenga amani ni kazi mbili. Rais Lule alikaa siku 68 tu, akafuata Binaisa, kisha Obote akarudi, na Waganda wakaendelea kuuana hadi mwaka 1986 na hata baadaye. Hata vijana wa Libya, walioletwa kumsaidia Amin, walikufa Lukaya katika ugomvi usiowahusu. Amin mwenyewe, aliyeanzisha yote hayo, alifariki mwaka 2003 hospitalini Saudi Arabia.

Sisemi tusingepigana. Nasema hata vita vya haki vina deni, na deni hilo halilipwi na aliyeyaanza. Hivyo basi natoa maoni mawili. La kwanza, wazee waliopigana waitwe mashuleni wangali hai, wawaeleze watoto si jinsi walivyoshinda tu, bali nani hakurudi na nyumbani kwake kulikuwaje. Wajane na vilema wa vita wasikumbukwe siku moja kwa mwaka.

La pili, kila atakayetupigia ngoma ya vita na jirani yeyote, kwa sababu ya ziwa, mpaka au maneno ya wakubwa, tumwulize: sababu unayotutajia ndiyo yenyewe? Na mwanao atakuwa katika lori la kwanza? Akishindwa kujibu, tusiicheze ngoma yake.

Ndimi msomaji wako,
Mwana Kagera,
Bukoba.