Kutoka Biafra hadi kwa Azizi Ali: Vituo vya Daladala kama Chemchemi ya Ubunifu

Katika semina za uandishi wa kubuni hutokea mara kwa mara mwanafunzi wa uzamili akadai kuwa hana cha kuandika. Hoja yake aghalabu ni kwamba maisha ya Tandale au Mbagala ni ya kawaida mno, hayana uzito wa kifasihi. Akishauriwa kutafuta msukumo huenda maktaba, akarudi na riwaya ya kijiji ambacho hakuwahi kulala hata usiku mmoja. Makala haya yanashikilia kuwa kasoro haiko katika maisha hayo, bali katika sikio lililofunzwa vibaya. Na kwamba wanaisimu, waliozoea kuiendea lugha ya uswahilini kama ghala la makosa, hawawezi kujitoa katika lawama hiyo.

Yatosha kuzunguka Kinondoni na Temeke kwa daladala siku chache, na kuwasikiliza makondakta wanavyoita vituo. Magomeni Mapipa. Keko Machungwa. Mbagala Rangi Tatu. Manzese Midizini. (Manzese na Sinza sasa zimo katika wilaya ya Ubungo, iliyomegwa kutoka Kinondoni, abiria hawakubadili chochote katika usemi wao.) Tandale kwa Mtogole. Mtoni kwa Azizi Ali. Muundo huu wa mwisho unastahili kutazamwa kwa makini. Nomino kuu imeachwa: haisemwi kama ni nyumba, duka au kisima cha huyo mtu. Msemaji anachukulia kuwa msikilizaji anajua, kama ilivyo desturi katika mazungumzo ya majirani. Lakini humo ndani ya basi watu hawajuani. Aliyeingia mjini jana kutoka Kigoma, anapoomba kushushwa kwa Mtogole, anazungumza kana kwamba alipata kukaribishwa chai katika nyumba hiyo. Ujirani wa kubuni kama huo, unaowafunga watu wasiofahamiana kwa kihusishi kimoja tu, ndio ambao mwandishi wa riwaya ya mjini huutafuta kwa kurasa nyingi.

Majina mengine yamehifadhi historia ambayo vitabu vya shule huipitia haraka. Kinondoni kuna Biafra. Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kuitambua Biafra, Aprili 1968. Kufikia Januari 1970 nchi hiyo haikuwapo tena. Jina lake limebaki kinywani mwa vijana ambao hata wazazi wao huenda walikuwa hawajazaliwa vita vile vilipokwisha, na hulitamka bila huzuni, kama wanavyotamka jina la soko. Mwembechai nako, ukilichambua jina, unakuta mti na kinywaji: kivuli na watu waliokaa. Hata hivyo, tangu Februari 1998, polisi walipofyatua risasi na watu wakafa, jina hilohilo linabeba kumbukumbu nyingine kabisa, na anayelitamka hachagui ni ipi kati ya hizo mbili itakayomfikia msikilizaji wake. Mshairi anayetafuta taswira yenye pande mbili atapata wapi iliyo karibu zaidi?

Upo pia mfano wa hadhira kumtunga msanii. Remmy Ongala alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaja Dar es Salaam mwaka 1978, akakaa Sinza na kuimba juu ya wanyonge hadi kifo chake Desemba 2010. Kituo cha karibu kikaitwa kwa Remmy. Hapana kamati iliyohitajika.

Ubunifu huu hauishii katika majina ya mahali. Wamiliki binafsi waliporuhusiwa kusafirisha abiria mwaka 1983, nauli ilikuwa shilingi tano, yaani ‘dala’ moja katika lugha ya mitaani, na kutokana nayo basi likapata jina. Mwaka 2016 ulipoanza mradi wa Mabasi Yaendayo Haraka, jina rasmi lilikuwa refu, lenye kitenzi cha urejeshi kilichonyooka kisarufi. Abiria waliliweka kando, wakachukua ‘mwendokasi’, neno la darasa la fizikia, wakaligeuza chombo cha usafiri. Kwa kulinganisha maneno hayo mawili tu, mwanafunzi wa mofolojia anaweza kujifunza jambo kuhusu uwekevu wa lugha ambalo asingelipata katika orodha nyingi za istilahi zilizotungwa mezani.

Wako watakaopinga kuwa lugha ya mitaa hiyo ni finyu, na kwamba nyimbo za vigodoro zimejaa matusi. Baadhi ni hivyo, na hakuna faida ya kukana. Lakini hoja hiyo inatazama maneno tu na kuusahau utendaji. Wapigaji wa mchiriku walichukua kinanda kidogo cha Casio, wakakipaza kwa vipaza sauti na kukitia ndani ya midundo yenye asili ya ngoma za Wazaramo. Kutoka huko ikazaliwa singeli. Mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyo wa kazi za studio ya Sisso, iliyoko Mburahati, na wasikilizaji wa Ulaya wakaanza kuuandika uhakiki wake. Mburahati haiko mbali na Mlimani.

Isidhaniwe kwamba yanayopendekezwa hapa ni utalii, yaani msomi kushuka uswahilini Jumamosi moja na kurudi na kikapu cha misemo. Kezilahabi, katika mjadala uliozuka baada ya *Kichomi* (1974), alitetea ushairi unaoikaribia lugha ya mazungumzo. Wengi waliomfuata waliiga uhuru wake wa mizani, wakaacha kuyasikiliza mazungumzo yenyewe. Kusikiliza kunahitaji nauli, kusubiri, na kusukumana mlangoni kama wengine.

Jambo hili lina haraka. Ndani ya mwendokasi hakuna kondakta wa kuita; jina la kituo huandikwa ubaoni, na daladala zimeondolewa katika sehemu kubwa ya Barabara ya Morogoro. Operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 ilizipa nyumba namba na mitaa majina yaliyosajiliwa. Manufaa yake kwa gari la wagonjwa ni dhahiri. Hata hivyo, namba ya nyumba haimwambii mtu ni nani aliyekaa hapo, wala kwa nini majirani walimfanya kituo. Ingefaa idara zinazofundisha Kiswahili ziwatume wanafunzi wa uzamili, njia moja baada ya nyingine, wakirekodi miito ya makondakta na kuwauliza wakaazi wa zamani wa Mtoni, Tandale na Keko habari za watu na miti iliyotajwa. Sauti hizo zihifadhiwe pamoja na maelezo yake, na mwanafunzi aruhusiwe kuwasilisha hadithi fupi badala ya ripoti.