Mkaguzi Asiharakishwe

Yako manung'uniko ambayo husikika kila mara miongoni mwa waandikaji wa programu za kompyuta, nayo ni kwamba watu wa Debian wanachelewesha. Mtu ameifungasha maktaba nzuri, ameipeleka ili iingizwe katika mfumo endeshi huo, kisha anaambiwa angoje foleni. Pengine hungoja siku chache, pengine miezi. Hapo hukasirika, akasema ya kuwa wakaguzi ni wakaidi, wapenda karatasi, watu wa kuhesabu nukta na mkato huku dunia ikienda mbele. Sisi hatukubaliani naye, na leo twapenda kueleza sababu, kwa maana jambo hili lawahusu hata wale ambao hawajapata kuandika mstari mmoja wa programu.

Kwanza ifahamike ni kitu gani kinachozungumzwa. Maktaba hapa si nyumba ya vitabu. Ni kifungu cha kazi zilizokwisha kuandikwa, kama vile kubana faili ili lichukue nafasi ndogo, au kuficha siri kwa hesabu, ambacho programu nyingine hukiazima badala ya kila moja kuanza upya. Na Debian ni mkusanyo wa mfumo endeshi ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka wa 1993, unaotunzwa na watu wa kujitolea wa nchi nyingi. Toleo lake la 12, lililotoka mwaka wa 2023, lilikuwa na vifurushi zaidi ya 64,000. Ubuntu, iliyoanza mwaka wa 2004, imejengwa juu ya kazi hiyo hiyo. Msomaji afunguapo tovuti asubuhi, mara nyingi kompyuta inayomjibu upande wa pili huendeshwa na mfumo wa namna hii, ajue asijue.

Kwa hiyo ubovu wa maktaba haukai nyumbani kwake. Programu mia zikiiazima, ubovu umeingia katika mia. Karani wa ghala la ushirika aonaye gunia moja lenye mchanga chini ya pamba hasemi kwamba ni gunia moja tu, kwa maana anajua ya kuwa marobota yote yatakwenda sokoni kwa jina moja.

Sasa mkaguzi hutazama nini? Katika Debian kifurushi kipya husomwa hasa kwa habari ya haki na leseni, faili kwa faili. Ni nani aliyeliandika? Ametoa ruhusa gani? Je, ruhusa ya faili hili yapatana na ya lile? Kazi hii yachosha, wala haina sifa. Lakini anayegawa mali isiyo yake, hata kama aigawa bure, amewatia wapokeaji wote katika kesi. Hata maktaba ya zamani, ikibadili namba iliyomo katika jina la kifurushi chake, hurudi foleni kama mgeni. Jambo hili ndilo linalowaudhi watu kuliko yote, nasi twakiri kwamba lina uzito wake.

Tena mkaguzi huuliza kama ndani ya maktaba hiyo imefichwa nakala ya maktaba nyingine. Hapa wako watu wasemao, kuna ubaya gani? Ubaya ulionekana mwaka wa 2002, kosa lilipovumbuliwa katika zlib, maktaba ya kubana data iliyokuwa imenakiliwa kila mahali. Kama ingalikuwa moja tu katika kila mfumo, ingalitengenezwa mara moja na kazi ikaisha. Badala yake watu walilazimika kuzitafuta nakala zake matumboni mwa programu nyingine, moja baada ya nyingine.

Ubuntu nao wana ukaguzi wa pili, pale maktaba inapoombewa kuhamia katika sehemu kuu ambayo kampuni ya Canonical huahidi kuitunza. Hapo maswali huwa makali zaidi. Maktaba hii imepatwa na makosa gani ya usalama huko nyuma? Yapokea data kutoka kwa watu wasiojulikana? Ina majaribio yanayojiendesha yenyewe? Hakuna nyingine ifanyayo kazi ile ile ambayo imekwisha kupokelewa? Na ni kikundi gani, kwa jina, kitakachoitunza? Ikiwa yagusa mambo ya siri na usalama, hupelekwa tena kwa watu wa usalama wakaisome msimbo wake. Swali hilo la jina twalipenda kuliko yote.

Lakini tusijidanganye. Msomaji mwenye kumbukumbu atatuuliza: je, ukaguzi huu uliizuia xz? Haukuizuia. Na kisa hicho yafaa kielezwe vema, kwa sababu wengi walikisikia kwa haraka tu.

Maktaba iitwayo liblzma, sehemu ya xz, ni ya kubana data. Ilikuwa imepokelewa siku nyingi, yaaminika, na kwa miaka ilitunzwa na mtu mmoja tu, bila malipo. Mwaka wa 2021 akatokea mchangiaji aliyejiita Jia Tan. Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu hakungoja kupewa. Alilichukua jembe mwenyewe akalima vizuri. Mwaka wa 2022 yakajitokeza majina mengine yasiyojulikana, yakimlalamikia mtunzaji kwamba kazi inakwenda polepole na kwamba awape wengine nafasi. Mzee huyo wa kazi alikuwa amechoka. Kufikia mwaka wa 2023 Jia Tan mwenyewe alikuwa akitoa matoleo.

Mwezi wa Februari 2024 likatoka toleo la 5.6.0, na mwezi wa Machi la 5.6.1. Ndani yake mlikuwa na mlango wa siri. Hila yake ndiyo inayotufundisha zaidi. Mtu aliyeusoma msimbo mahali pa wazi, pale ulipokuwa ukiandikwa, asingaliuona mlango huo kamili. Sehemu moja ilifichwa ndani ya faili zilizoitwa za majaribio, ambazo hazisomeki kwa macho. Sehemu ya kuuamsha iliwekwa tu katika furushi la toleo, lile ambalo wafungashaji hulichukua na kulijenga. Shamba lililotazamwa na sokoni palipouzwa mazao hapakuwa mahali pamoja.

Tena mlango huo ulilenga huduma ya ssh, ambayo wasimamizi hutumia kuingia katika seva kutoka mbali. Sasa ssh yenyewe haina haja ya liblzma hata kidogo. Ni watu wa mikusanyo, Debian wakiwamo, walioongeza kiraka cha kuiunganisha ssh na maktaba ya systemd, nayo systemd ikaivuta liblzma nyuma yake. Nia ilikuwa njema. Lakini njia ile ilikatwa na wenye nyumba, na mwizi alipofika aliikuta imekwisha kulimwa.

Mwezi ule ule wa Machi jina jingine geni lilifika Debian kuomba toleo jipya lipokelewe. Likapokelewa katika tawi lisilo imara. Aliyeuvumbua mlango ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa wajenzi wa hifadhidata ya PostgreSQL. Yeye hakuwa mkaguzi wa xz wala wa Debian. Alikuwa akipima mambo yake mengine, akaona kuingia kwa ssh kunachelewa kama nusu sekunde hivi. Nusu sekunde! Wengine tungalinywa chai. Yeye akafuatilia, akakumbuka pia ya kuwa chombo cha kupimia kiitwacho Valgrind kilikuwa kimelalamika katika majaribio yake siku za nyuma. Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2024, akautangazia ulimwengu. Matoleo imara ya Debian yalikuwa hayajaguswa. Ubuntu wakaahirisha toleo lao la majaribio kwa juma moja, wakavijenga vifurushi upya.

Chombo hicho cha Valgrind kina kisa cha zamani zaidi katika nyumba ile ile ya Debian. Mwaka wa 2006 kilikuwa kikilalamika juu ya OpenSSL, maktaba ya kutengenezea funguo za siri. Mtunzaji wa kifurushi, akitaka kuondoa malalamiko hayo, aliifuta mistari aliyodhani haina kazi. Kumbe ndiyo iliyokuwa ikileta bahati nasibu ambayo funguo hutegemea. Kwa muda wa karibu miaka miwili funguo zilizotengenezwa katika Debian na Ubuntu zilikuwa za kukisiwa; kwa kila aina na ukubwa palikuwa na funguo 32,767 tu zilizowezekana, idadi ambayo kompyuta huimaliza kwa muda mfupi. Luciano Bello aligundua, na tangazo likatolewa tarehe 13 Mei 2008. Lalamiko la chombo lilinyamazishwa mara ya kwanza likaleta msiba. Mara ya pili lilisikilizwa na mtu mwenye subira.

Kwa sababu hiyo hatusemi kwamba foleni ya Debian ni dawa ya kila kitu. Ukaguzi wa mlangoni hufanywa mara moja, na xz ilikuwa imekwisha kukaa ndani. OpenSSL iliharibiwa na mkono wa nyumbani. Tusemalo ni hili: katika visa vyote viwili kilichokosekana ni macho yenye muda. Hapa chumbani petu twalijua jambo hilo. Kosa kubwa la chapa hupita pale ambapo watu watatu walilitia sahihi, kila mmoja akidhani mwenzake amesoma. Na anayemharakisha mkaguzi, hata kwa nia safi, anatumia maneno yale yale yaliyotumiwa na wale waliomchosha mtunzaji wa xz mwaka wa 2022. Mkaguzi hana njia ya kuwatenga.

Ziko kampuni zinazopata mabilioni kwa kuuza huduma zilizosimama juu ya maktaba hizi. Baadhi yake huajiri watunzaji, nasi twawapongeza. Lakini nyingi huchukua tu, na likitokea jambo ndizo za kwanza kupiga kelele kwamba kazi ya bure haikufanywa vizuri. Mfanyakazi yeyote anayelijua jembe aelewa jambo hilo bila kufafanuliwa. Kampuni yenye maktaba mia katika seva zake yaweza kuchagua kumi, ikampa mtu wake saa za kazi, zilizolipwa, azisome mwaka mzima: si siku ya kupokelewa tu, bali kila toleo, na furushi lenyewe lililinganishwe na msimbo wa mahali pa wazi. Mikusanyo nayo ianze kuuliza, kabla ya kuongeza kiraka, ni maktaba zipi zitakazovutwa nyuma yake. Lile swali la Ubuntu, kwamba ni kikundi gani kitakachotunza, liulizwe hata kwa zile zilizopokelewa miaka ishirini iliyopita, na pale ambapo jibu ni mtu mmoja aliyechoka, mkusanyo ulitangaze jambo hilo waziwazi ili wenye mali wasipate udhuru.

Na ndugu yetu ambaye maktaba yake imengoja miezi mitatu, asidhani kwamba hatumwonei huruma. Orodha ya vifurushi vinavyongoja iko wazi kwa kila mtu, na vingi kati yake vimewekwa mahali ambapo yeyote aweza kuvisoma. Aanze na kile kilicho mbele ya chake.